Anti, wachezaji wangu wananikimbia, shida ni mimi au ni wao?

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke. Mi ni kijana wa miaka 27, naishi Mtwara mjini huku Magomeni, nina steshenari ndogo, nachapa, natoa kopi, maisha yanaenda. Ishu yangu sio ya mapenzi wala ya pesa, ni ya mchezo, na najua kuna watu watasema huyu kakosa kazi, ila kiukweli hii kitu inaniuma mpaka usiku silali vizuri.

Nilipokuwa nasoma Dar kuna washkaji chuoni walinifundisha ile michezo ya kuigiza mezani. Kwa wasomaji wako ambao hawaijui, mnakaa watu wanne watano, mmoja ndo gemu masta, anaeleza mahali mlipo na anaigiza watu wote wa pembeni, waliobaki kila mtu ana karakta wake kaandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, ujuzi wake, vitu alivyobeba, halafu kila mtu anasema karakta wake anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu ndo inaamua. Hakuna ubao, hakuna mshindi. Niliporudi nyumbani nikaona huku hakuna anayecheza, nikaamua nianzishe mwenyewe. Tunatumia sheria za Dungeons & Dragons zile za msingi ambazo tangu 2023 zimeachwa bure mtu yeyote azitumie, nilizishusha kwenye simu nikazichapa hapo hapo dukani. Dadu za pande ishirini hatuna, nimekata vikaratasi nikaandika 1 mpaka 20, tunavitia kwenye kikombe cha plastiki, mtu anachomoa, anasoma, anarudisha.

Tulianza watano mbali na mimi: jamaa mmoja wa bajaji rafiki yangu toka utotoni, dada mwenye saluni jirani na duka langu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, jamaa wa bandarini, na mdogo wangu yuko fomu foo. Kila Jumapili baada ya alasiri barazani kwetu, mama anatuletea chai na ming'oko, mzuka kabisa.

Stori nimeitunga mwenyewe Anti, na hapa ndo roho inaniuma zaidi. Tukiwa shule walitupeleka Kilwa Kisiwani, nikaiona Husuni Kubwa, lile jumba juu ya jabali na lile bwawa lake la pande nane, toka siku hiyo halijanitoka kichwani. Basi nikaweka stori yangu Kilwa mwaka 1331, mwaka aliopita Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Dhahabu iliyotoka Sofala, kule Msumbiji, imeibiwa siku tatu kabla mgeni hajatia nanga, sultani atatahayari, wachezaji inabidi waitafute. Nimejaza kurasa 46 za kauntabuku, kila sini, kila mtu atasema nini, mpaka mwisho wake.

Sasa angalia kilichotokea. Jumapili ya kwanza tunatengeneza karakta, dada wa saluni akasema wa kwake ni mbanguaji korosho. Nikamwambia haiwezekani, korosho haikuwepo, Wareno ndo waliileta toka Brazil na 1331 Wareno walikuwa bado hawajafika huku, nikamweleza vizuri tu. Akasema sawa, nipe yoyote. Nikampa askari. Toka hapo akawa anakuja anakaa kimya, ukimuuliza anasema nawafuata wenzangu.

Jumapili ya pili, ndani ya stori, jamaa wa bajaji akamwibia mwalimu mkoba wake wa fedha akiwa amelala, nikamwuliza sasa mbona unamwibia mwenzako, akajibu ndo karakta wangu alivyo. Na yeye ndo anaongea muda wote, hata zamu ya mwingine anadakia.

Ya tatu wakafika Husuni Kubwa, kuna mlango wa siri pembeni ya bwawa, niliweka ugumu wa 15, yaani namba ya kikaratasi ukijumlisha na nyongeza ya ujuzi wa karakta lazima ifike 15, na nikasema anayetafuta ni mmoja tu. Akatafuta mwalimu, ana nyongeza ya 3, akachomoa 7. Basi wakakwama. Tulikaa kama dakika arobaini wanazunguka bwawa.

Ya nne ndo mbaya. Nilitaja tu kwamba ufukweni kuna fundi anashona mtepe, kile chombo cha baharini cha zamani, yaani nilitaja kupamba tu, wao wakamng'ang'ania huyo fundi. Nikasema fundi hajui kitu, wakasema tunamfuata kwake. Nikasema mlango umefungwa, wakasema tunauvunja. Nikachoka, nikaleta askari thelathini wa sultani, jamaa wa bajaji akapigana nao, karakta wake akafa. Akasimama akaniambia mbele ya wote, kaka we ungeandika tu kitabu tukakaa tukasoma. Akaondoka.

Jumapili iliyopita walikuja wawili, mwalimu na mdogo wangu, na mdogo wangu ni kwa sababu anaishi humo humo.

Anti naomba uniambie ukweli. Kuendesha mchezo ni kipaji mtu anazaliwa nacho ama? Nimwachie mwalimu kiti? Au hawa watu hawajui kucheza na mi najilaumu bure?

Mimi kijana wa Magomeni, Mtwara

---

Marahaba mwanangu.

Pole sana, na asante kwa kunieleza yote na yale yasiyokupendeza. Mi naendesha meza hapa Lindi mwaka wa sita huu, barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara narudi kwa mtu mmoja, dada wa saluni. We umemwandika mistari mitano halafu umepita, nadhani hujajua kwamba meza yako ilianza kuvunjika pale, wiki tatu kabla ya hao askari thelathini.

Hebu rudi siku ile. Amekaa barazani kwenu kwa watu wanaume watupu, mchezo haujui, umempa karatasi tupu na kalamu. Katika vitu vyote duniani akachagua mbanguaji korosho. Mtu hachagui hivyo hivi hivi. Huku kwetu kila nyumba ina mama au shangazi au bibi aliyebangua, anajua yale mafuta ya ganda yanavyounguza, vidole vinakuwa vyeusi na ngozi inabanduka na sabuni haitoi. Mi nina hakika kabisa dada yule kuna mikono anaijua alikuwa anaifikiria. Alikuwa anaiweka mezani kwako, ndo zawadi kubwa mchezaji anayoweza kumpa gemu masta, anakwambia kimya kimya kwamba stori yako ikigusa hapa mi ntakuwa nawe. We ukampa somo la historia.

Na somo lilikuwa sahihi, sikatai. Mkorosho ni wa Brazil, Wareno waliuleta baada ya mwaka 1500, Kilwa ya 1331 haikuwa nao. Lakini ulikuwa na njia mbili nzuri mkononi na hukuitumia hata moja. Ya kwanza ungemwuliza, "unapenda nini kwa huyo mbanguaji?" Angesema labda mikono yake, labda kwamba ni mwanamke anajitegemea, labda kwamba anawajua wakubwa wote maana anawauzia. Basi Kilwa ya 1331 ina kazi kibao zenye hayo, mpika chumvi, mkata boriti za mikoko anayezijua njia zote za maji kule ndani ambako askari hafiki, mfua shaba kwa sababu Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe za shaba, na huyo mfua shaba vidole vyake navyo ni vyeusi. Unaona? Vidole vyeusi vinabaki. Njia ya pili ni rahisi zaidi, ungesema sawa, kwenye Kilwa yetu kuna mkorosho mmoja, umetoka wapi hakuna anayejua, na wewe peke yako ndo unajua kubangua tunda lake. Ukiruhusu jini kisimani, na najua umeruhusu maana hakuna gemu masta wa pwani asiyeweka jini, mkorosho mmoja hauangushi kitu. Kwanza hiyo ni stori nzuri kuliko ya dhahabu!

Ulivyompa askari, ukampa mtu asiye wake. Kwa hiyo anasema nawafuata wenzangu, hana cha kumfanya aende mbele wala nyuma.

Sasa tuje kwa fundi wa mtepe maana hapa nakuonea huruma kweli, najua ulivyojisikia, kurasa 46 umezilalia usiku halafu watu wanaziruka wanakwenda kwa mtu uliyemtaja kupamba tu.

Kuna kisa kimoja cha kweli nataka ukijue. Huko Marekani, mwaka 1969, kuna jamaa anaitwa David Wesely alikuwa na kikundi chake cha kuchezesha vita vya mezani, vile vya vijeshi vidogo na ramani. Siku moja akatunga vita kwenye mji wa kubuni wa Kijerumani akauita Braunstein, majeshi mawili yanakuja kupigana, lakini kwa vile watu walikuja wengi akawagawia wengine watu wa mjini, kila mmoja na anachokitaka. Mpango wake ulikuwa vita. Watu badala ya kusubiri vita wakaanza kufuatana, kunong'onezana, kupanga njama, kila mtu anamvuta pembeni amwambie mi nafanya hiki, sheria hazina jibu, ikabidi aamue papo kwa papo. Vita yenyewe haikuchezwa vile alivyopanga. Wesely alirudi nyumbani akiamini ameharibu kila kitu. Wenzake wakamfuata wanaomba tena. Mmoja wa hao wenzake ni Dave Arneson, akalichukua lile wazo akalipeleka kwenye mji wake wa kubuni unaitwa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, hizo hizo sheria ulizochapa dukani kwako ndo wajukuu zake. Yaani mwanangu, mchezo unaoupenda umezaliwa siku wachezaji walipoacha mpango wa mwendeshaji wakaenda walikotaka. Jumapili yako ya nne ilikuwa Braunstein, tofauti ni kwamba Wesely hakuleta askari thelathini.

Wachezaji wako wanne watano, bila kuambiwa na mtu, walikubaliana kitu kimoja. Hilo halitokei kila wiki, mi meza yangu inaweza kumaliza mwezi hawajakubaliana hata waingie mlango gani. Wote walimtaka fundi. Na fundi ni mtu mzuri sana jamani, mtu amekaa mchangani anashona mbao kwa kamba za nazi, chombo kizima hakina msumari hata mmoja. We hapo ulitakiwa ufunge kauntabuku ufikirie kitu kimoja tu, huyu fundi anataka nini? Tuseme anataka kumaliza chombo kabla ya mgeni kufika maana kaahidiwa malipo. Nani kamwahidi? Kwa nini chombo kinaharakishwa? Ukijibu hayo mawili tayari dhahabu ina njia ya kutoka Kilwa, inaondoka ndani ya huo mtepe, wezi ndo walioagiza chombo. Hujapoteza kurasa zako, mwizi wako ni yule yule, sababu zake zile zile, sultani yule yule, ila wameingia kwa mlango wa ufukweni badala ya mlango wa bwawa. Ungeamua hayo kwa muda wa kumimina chai.

Kosa lako sio kuandika sana. Andika, mi napenda watu wanaoandika. Kosa ni kwamba umeandika wachezaji watafanya nini, na hiyo sehemu sio yako. Sehemu yako ni watu wengine wote wanataka nini na watafanya nini kama hakuna atakayewaingilia. Mchukue sultani wako, al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta anasimulia walivyomwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake, na kwamba kuna fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini, sultani akaingia ndani akabadilisha akampa. Sasa huyo ni mtu wa kuchezesha! Hapana haja ya kumwandikia maneno ya kusema. Ukijua tu kwamba kumnyima mtu mbele ya watu ni aibu asiyoweza kuibeba, basi mchezaji wako akimwomba chochote, hata kitu ambacho hujawahi kukiwaza, we unajua atajibu nini na unajua waziri wake pembeni atakunja uso vipi. Nusu ukurasa kwa kila mtu inatosha. Kurasa 46 zako ukizikamua hivyo zitatoka kama sita, na hizo sita zitakupeleka mpaka Ramadhani ijayo.

Bibi yangu huku Lindi alikuwa anatusimulia usiku. Anasema paukwa, tunajibu pakawa, tukijibu kwa uvivu anakaa kimya anaendelea kuchambua mchele wake, haanzi. Alikuwa haanzi mpaka ajue tupo. Na katikati anasimama anauliza, "sasa hapo sungura angefanyaje?", tunapiga kelele kila mtu na lake, na mi nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba ile stori ilikuwa inabadilika kufuatana na tulichosema, ndo maana haikuwahi kuwa ile ile. Ukiuliza "mnafanya nini" inabidi usikie jibu hivyo. Kama jibu unalo tayari kwenye kauntabuku basi usiulize, simulia tu, na jamaa wa bajaji alikuwa na haki kusema ungeandika kitabu, ingawa hakuwa na haki kukwambia mbele za watu.

Mlango wa bwawa tuumalize haraka, hiyo ni hesabu na mwalimu wako angekusaidia. Ugumu 15, nyongeza 3, maana yake anahitaji 12 kwenda juu kwenye kikombe, ni vikaratasi tisa katika ishirini, asilimia 45. Ulijenga jumba zima halafu ukaliwekea mlango ambao mara nyingi haufunguki, na ukasema anayejaribu ni mmoja. Ukiweka milango ya namna hiyo mitatu mfululizo nafasi ya kuivuka yote ni chini ya moja kwa kumi. Kitu ambacho stori haiendi bila hicho, usikifungie nyuma ya kikaratasi kimoja. Mlango wauone tu. Kikaratasi kiamue wameuona kwa shida gani, wameufungua kimya kimya au wameangusha jiwe ndani ya maji na mlinzi kasikia. Akichomoa 7 anaupata, ila sasa kuna taa inakuja kwenye ngazi. Watu hawakai dakika arobaini kuzunguka bwawa, wanakimbia.

Wachezaji nao wana lao, usijilaumu wewe kwa yote. Jamaa wa bajaji ana makosa mawili na nataka umwambie, ila umwambie mkiwa wawili, kijiweni kwake pale anaposubiri abiria, sio barazani. Hili neno la "ndo karakta wangu alivyo" nimelisikia kila meza niliyokaa. Karakta hakushuka kutoka mbinguni, we ndo umemtengeneza alivyo na kila dakika unaamua atakuwaje. Mtu anaweza kucheza mwizi na meza yote ikampenda, anaiba funguo za mlinzi anawagawia wenzake, mwizi ni mwizi bado. Akimwibia mwalimu aliyekaa naye mkeka mmoja, mwalimu anatumia Jumapili nzima kulinda mkoba badala ya kucheza. Mwambie achague, huyo mtu wake kwa nini anasafiri na hawa wanne? Awe na sababu moja ya kweli ya kuwataka wazima.

La pili ni kudakia. Mi sidhani ana roho mbaya, nadhani anaogopa ukimya, wenzako wakinyamaza yeye anaona mchezo unakufa anajaza. Mpe kazi. Mwambie yeye ndo atashika orodha ya zamu, anaita majina, na ukimwona anapanua mdomo kwa zamu ya dada wa saluni, ye mwenyewe ndo kamwita, atajizuia. Mi hiyo imenisaidia kwa kijana mmoja wa hapa ambaye nilishataka kumfukuza, sa hivi ndo mchezaji wangu bora, na ubora wake wenyewe ni kwamba anakumbuka vitu vya wenzake, anasema, "subiri, si we juzi ulisema unaijua hiyo njia ya mikokoni, tupeleke." Ukiniuliza mchezaji mzuri ni nani ntakuonyesha huyo. Sheria bado anazikosea, kuigiza sauti hajui, lakini akiwepo kila mtu pale mezani anaonekana hodari.

Jamaa wa bandarini hujaniambia kitu chake hata kimoja mwanangu. Mchezaji amekaa kwako wiki nne na huna la kusimulia juu yake. Mtafute naye.

Umeuliza kama ni kipaji. Sauti nzuri labda ni kipaji. Kusikiliza mtu mpaka amalize halafu ukajenga juu ya alichosema, hicho watu wanajifunza, mi nilijifunza na nilikuwa mbaya, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafanya haya haya yako. Na usimpe mwalimu kiti kwa hasira. Kama anataka kuendesha Jumapili moja mwachie, we kaa ucheze, utaona mengi ukiwa upande ule, lakini iwe kwa sababu mnataka.

Kabla ya Jumapili nenda saluni. Usiende na kauntabuku. Nenda jioni hana mteja, mwambie siku ile nilikukatiza na sikukuuliza, yule mbanguaji wako alikuwa nani? Halafu nyamaza. Akikwambia yamepita, mwambie mi bado namtaka. Akikueleza, usiandike mbele yake, kariri, na akishajua jina la huyo mwanamke na vidole vyake vikoje basi askari uliyempa mwache aondoke zake Kilwa kwa amani.

Jamaa wa bajaji mwambie karakta wake hakufa kihalali, ni wewe ulikasirika, na umwombe radhi kwa maneno hayo hayo. Askari thelathini walimkamata, yuko kwenye chumba cha chini cha Husuni Kubwa, na ndani ya chumba kile kuna mtu mwingine anayejua chombo cha fundi kinaondoka lini. Hapo kifo kimegeuka njia, na wenzake wana sababu ya kumfuata.

Jumapili yenyewe msianze kucheza mara moja. Nusu saa ya kwanza na chai, waulize kila mtu anataka nini zaidi, kupigana, kupeleleza, kuongea na watu, kucheka, na waulize kuna nini kisiwepo mezani. Huku kwetu pwani kuna waliozikiwa na bahari, sini ya chombo kuzama inaweza kuwa burudani kwako na kwa mwingine ikawa ndugu yake. Mi naweka karata moja katikati ya meza, jike la shupaza, mtu akiigeuza tunaruka hiyo sini na hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa miaka sita imegeuzwa mara mbili tu, na mara zote mbili nilishukuru ilikuwepo.

Halafu anza ufukweni, alfajiri, maji yanajaa, mtepe umeinuliwa kwenye magogo tayari kushushwa na fundi hayupo. Kamba zake zimekatwa. Mgeukie mwanamke wa vidole vyeusi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na umwulize anaona nini kwenye zile kamba ambacho wengine hawakioni. Umwachie yeye aseme ni nini. Akisema zimekatwa na kisu cha kubangulia, basi zimekatwa na kisu cha kubangulia, na we una kazi ya kujua ni cha nani.

Na vile vikaratasi vya kwenye kikombe kata vipya kila baada ya wiki mbili tatu, tumia karatasi ngumu ya manila unayo dukani, maana vikichakaa ya ishirini inapata kona iliyokunjika na vidole vinaijua.